Kava la timing lilivyotuacha njiani, mama anasubiriwa hospitali Njombe

Wakuu, habari za humu. Hili limenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Naishi Makambako. Noah yangu ilikuwa inavujisha oili mbele ya injini, kwenye kava la timing, lile linalofunika cheni ya injini. Mama alikuwa na upasuaji wa mtoto wa jicho Njombe, Alhamisi asubuhi, na madaktari wa macho walikuja kwa siku chache tu.

Jumatano nikampa gari shemeji yangu Festo, kaka wa mke wangu. Ni fundi. Nikamwambia jioni nalitaka, hakuna kesho.

Akafungua. Bolti zote, ndefu kwa fupi, akatupia kwenye kopo moja. Nikamuuliza atazitambuaje. Akanijibu amefunga injini nyingi kuliko umri wangu. Nikamwachia. Nani anataka ugomvi na ukweni?

Silikoni ya zamani, ile gundi ya kuzibia kava, hakuikwangua ikaisha. Akapaka mpya juu yake, akarudisha kava. Bolti moja ikagoma, akaongeza nguvu. Hapo hapo akamwaga oili, akawasha. Silikoni bado mbichi kama dawa ya meno.

Alhamisi tukaondoka na ukungu. Kabla ya nusu ya safari, taa ya oili ikawaka. Nikazima gari, nikainama kuchungulia. Chini kote kunachuruzika.

Mama wa watu amekaa kwenye jiwe, kajifunga blanketi, ananiuliza kama tutawahi. Nikaingia barabarani kupungia magari mkono. Wakuu, nilitamani kulia.

Lori la viazi likasimama. Nikampandisha mama mbele kwa dereva, tukafika tumechelewa. Nesi mmoja akatuonea huruma, wakamweka wa mwisho.

Gari likavutwa hadi Njombe kwa fundi mmoja, dada anaitwa Upendo. Akafungua kava, akaniita nione. Bolti ndefu ilikuwa kwenye tundu fupi, imegota mwisho. Maana yake kava halikuwahi kukaa sawasawa. Akakwangua hadi chuma kikang'aa, akachomeka kila bolti kwenye kipande cha boksi kwa nafasi yake, akafunga kidogo kidogo kwa kupishanisha. Oili aliweka kesho yake.

Nikampigia Festo nikiwa nimejaa hasira. Nikamwaga yote. Akasema, "Shemeji, kwenye bolti nimekosa. Ila silikoni ilihitaji kulala, na wewe ulishasema hakuna kesho. Nikaogopa kukuambia."

Hasira haikuisha, ila lawama ilibidi nigawane naye.

Ijumaa mama akatolewa bandeji. Festo alikuwa amekuja na basi, amesimama mlangoni kama mtuhumiwa. Mama akamtazama weee, kisha akamsalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene mwanangu. Kumbe umeota mvi."

Tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa nimenuna siku mbili.

Nilichojifunza: fundi akitupia bolti kopo moja, mzuie, hata kama ni shemeji. Na usimpe fundi muda ambao silikoni haiujui.

Nyie ukweni kwenu kuna fundi? Mnamkosoaje bila kununiwa? Semeni nisome.