Alama ya Sikio

Kwa miaka kumi na mmoja Shadia Asumani alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakaushaji dagaa wa Bangwe, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanakikundi aliyejua kuwa hajui kusoma, isipokuwa mmoja.

Hakuwa mjinga, na hakuna aliyewahi kumdhania hivyo. Alizaliwa Ujiji, lakini baba yake alikuwa mtu wa huku na kule, leo Ujiji, mwezi ujao Kalemie, na watoto wake walivushwa ziwa pamoja na mizigo. Kila Shadia alipoanza darasa la kwanza upande mmoja, familia ilihamia upande wa pili. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa mrefu kuliko mwalimu, akaona haya kukaa na watoto wadogo, akabaki ufukweni na mama yake. Huko alijifunza tarakimu kwa kuhesabu beseni za dagaa, na tarakimu hazikumsumbua tena maishani. Herufi ndizo zilizompita.

Alijua kuficha. Kumbukumbu za mkutano zilisomwa na katibu, kwa kuwa ndiyo kazi ya katibu. Fomu zikija, alipapasa mkoba na kusema miwani ameisahau nyumbani. Alikuwa amenunua miwani ya kweli soko la Mwanga, ili awe na kitu cha kusahau.

Aliyemgundua ni Rozalia, mwanakikundi mjane wa Ilagala aliyekuwa akiwaletea wenzake dagaa na samaki wa migebuka kutoka mwambao wa kusini. Walipelekwa pamoja Tabora kwenye semina ya siku tatu, wakalala chumba kimoja. Rozalia aliona kwamba kila Shadia alipotaka kwenda chooni, alisimama kwanza kwenye korido mpaka mwanamke fulani atoke kwenye mlango mmojawapo, ndipo naye aingie mlango huohuo. Hakuuliza kitu. Siku ya pili alitangulia mbele, akasema kama anayesema jambo la kawaida, "Da Shadia, chetu ni hiki cha kushoto." Tangu hapo hadi semina inaisha, alitangulia yeye. Urafiki wao ulianzia hapo, na siri ikakaa kati yao bila kutajwa kwa jina.

Kisha likaja shirika moja na programu ya simu kwa ajili ya vikundi vya wanawake wa mwambao. Kila mwanachama alipewa simu. Humo mlikuwa na hali ya upepo, majina ya wanunuzi na ujumbe wa wanachama, na ujumbe huo haukuhitaji salio. Chini ya kila ujumbe, upande wa kulia, palikuwa na alama ya sikio. Ukibonyeza, sauti ya mwanamke ilikusomea ujumbe wote kwa Kiswahili safi. Kando yake palikuwa na alama ya mdomo. Ukibonyeza na kuongea, maneno yako yaliandikwa na kwenda.

Shadia alipoijua ile alama ya sikio, usiku huo alilia peke yake kitandani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yaliyoandikwa yalimfikia bila kupita mkononi mwa mtu. Kwa miaka minne aliongoza kikundi kwa simu ile. Wanunuzi wa Kasulu na wa Burundi walimtumia maagizo, akayasikiliza chooni au nyuma ya vichanja vya kukaushia, kisha akatoka na kutoa amri kama aliyesoma. Na jioni, karibu kila siku, picha ya Rozalia ilitokea kwenye kioo, Shadia akabonyeza sikio, akasikia habari za Ilagala, za mvua, za binti yake Frida aliyekuwa akisomea ualimu, za mbuzi aliyekula kanga. Sauti ilikuwa ya yule mwanamke wa kwenye simu, lakini maneno yalikuwa ya Rozalia kabisa.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane aliamka akakuta simu imebadilika. Rangi ya bluu imekuwa nyeupe, picha zimekuwa za duara, vitufe vimehama. Toleo jipya lilikuwa limeingia lenyewe. Juu kabisa ilikuwa picha ya Rozalia, na chini yake ujumbe mrefu kuliko kawaida. Shadia akabonyeza pale sikio lilipokuwa siku zote, chini kulia. Simu ikatoa mlio mdogo, kisha kimya. Akabonyeza ujumbe wenyewe, akabonyeza kila kona. Hakuna sauti. Akadhani simu imeharibika.

Alimpigia Rozalia. Simu yake haikupatikana, na hilo halikuwa jambo geni, kwa maana nyumba ya Rozalia ilikuwa bondeni na mtandao wake ulikuja ukipenda.

Jumatano kikundi kilikutana, na Angela, afisa wa shirika, alikuja kuwaonyesha toleo jipya. Alikuwa msichana mpole, mwenye heshima, na aliipenda kazi yake. Akawaeleza kwamba sasa programu ni nyepesi na haimalizi chaji, na kwamba chini ya kila ujumbe kuna majibu matatu tayari, mtu abonyeze tu pasipo kuandika. Sikio na mdomo vimeondolewa. Wahandisi wameangalia wakaona wanaovitumia ni wachache mno, na ndivyo vilivyokuwa vikiifanya programu iwe nzito.

Wengi walifurahi. Veneranda, katibu, alisema bora vimeondoka. Alikumbusha siku aliyobonyeza sikio kwa bahati mbaya katikati ya soko la Mwanga, na ile sauti ikatangaza mbele ya wateja kwamba kipimo cha ujauzito cha mdogo wake kimetoka. Mdogo wake hakuwa ameolewa. Wanawake walicheka, kisha wakanyamaza, maana Veneranda mwenyewe hakuwa akicheka.

Shadia akainua mkono. Alisema kitu cha watu hakiondolewi bila kuwauliza. Alisema rangi nyeupe inaumiza macho juani. Alisema vitufe vimehama na kina mama wazee watapotea. Kila hoja ilijibiwa vizuri. Angela aliinama kwenye daftari lake, akauliza kwa upole, "Mama mwenyekiti, nisaidie ili nikawaambie wahandisi. Wewe binafsi, sauti ulikuwa unaitumia kwa kitu gani?"

Kabla hajajibu, mama mmoja wa nyuma akasema kwamba sauti ile ilikuwa ya bibi zetu ambao hawakwenda shule, mwenyekiti anawatetea wao tu. Watu wakacheka tena, bila ubaya wowote.

"Ndiyo," Shadia akasema. "Nawatetea wao tu." Akakaa chini.

Simu ilikuwa mapajani mwake, ujumbe wa Rozalia ukiwa wazi. Veneranda alikaa kushoto kwake, karibu kiasi cha kugusana mabega. Ingetosha kumpa simu na kusema miwani iko nyumbani, kama alivyosema mara mia kwa mambo yasiyo na maana. Lakini baada ya maneno yale aliona kila mtu angejua. Akajiambia Rozalia anazungumzia magunia tu, na Jumamosi atakuja mwenyewe na mzigo. Nyumbani kwake Ujiji, watoto wa jirani walijua kusoma, ila watoto husema. Akaifunga simu.

Jumamosi mzigo haukuja. Jumatano iliyofuata, akiwa anageuza dagaa kwenye kichanja, Veneranda alimjia akitembea polepole, akamshika mkono na kumwambia Rozalia amefariki Dodoma, mwili uko njiani.

Maziko yalifanyika Ilagala. Kikundi kilikwenda kwa gari la kukodi, kina mama ishirini na wawili, na Shadia alikaa dirishani. Baada ya kutoka makaburini, wanawake walipokuwa wakipakua chakula, Frida alimwita nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba kama mama yake, na macho yake yalikuwa makavu.

Alimsimulia kwa utaratibu, kana kwamba anasoma orodha. Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni tangu mwanzo wa mwaka, akauficha. Madaktari walipoamua apasuliwe Dodoma, alitaka kumwona mtu mmoja tu kabla ya safari. Frida ndiye aliyemwandikia ujumbe, mama akitamka akiwa amelala. Ulisema, Da Shadia, Ijumaa naondoka kwenda kupasuliwa, njoo Alhamisi, nina neno nataka kukuachia. Alhamisi walichinja kuku. Mama aliomba atolewe nje ili aone barabara, akakaa pale hadi magari yakaisha.

"Mama mkubwa, ulijibu," Frida akasema. "Ulijibu *sawa*."

Shadia hakuelewa. Frida akatoa simu ya mama yake, iliyokuwa bado na rangi ya bluu, kwa sababu mtandao wa bondeni haukuwahi kuleta toleo jipya. Sikio lilikuwepo, chini kulia. Shadia akaipokea, akabonyeza. Ile sauti ya mwanamke ambayo Shadia aliikosa kwa siku kumi ikasema kwa uwazi, *Sawa*.

Hapo ndipo alipofahamu alichokibonyeza asubuhi ile ya Jumatatu. Mahali pa sikio palikuwa pamewekwa jibu.

Akamweleza Frida. Hakuwahi kumwambia mtu, na hakujua maneno yake yanaanzaje, kwa hiyo alisema tu, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Mama yako alijua."

Frida akauliza kama kweli hapakuwa na mtu Ujiji nzima wa kumsomea. Shadia akasema walikuwepo, na mmoja alikaa karibu naye siku moja kabla ya ile Alhamisi, ila aliona aibu.

"Ijumaa tulipokuwa tunakwenda kupanda treni tulipita Ujiji," Frida akasema. "Nikamwambia dereva asimame, nije nikugongee. Mama akakataa. Akasema kama hukuja, una jambo limekushika, tusikusumbue." Akaichukua simu, akaifuta kioo kwa kanga. "Hilo neno alilotaka kukuachia hakuniambia mimi."

Kwenye mkutano wa mwezi wa tisa Shadia alisimama, akawaambia wanakikundi kila kitu, kuanzia shule za Kalemie hadi lile jibu la *sawa*. Hakulia. Yule mama wa nyuma ndiye aliyelia, akajifunika uso kwa mtandio. Watu walipoanza kutawanyika, Veneranda akamfuata mlangoni.

"Dada, nilikaa hapo pembeni yako," akasema. "Ungenipa tu."

"Najua."

"Nisingekucheka."

"Sasa najua," Shadia akajibu.

Alitaka kuachia uenyekiti, wakakataa. Angela naye aliandika barua ndefu kwa wahandisi, na mwezi wa kumi na mbili sauti ikarudishwa. Ila haikurudi mahali pake. Ili kuiwasha, mtu alitakiwa aingie kwenye mipangilio, asome orodha ya maneno kumi na manne, achague la kumi na moja, kisha asome mengine. Angela alimwambia kwa simu kwamba amebishana nao wiki mbili. Wao walikuwa na sababu zao: wengine hawataki sauti iropoke sokoni, na kitufe kimoja hakiwezi kuwaridhisha watu wote. Shadia alimshukuru, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Veneranda ndiye aliyemwashia, wakiwa wamekaa juu ya magunia, na hakusema neno kuhusu soko la Mwanga.

Maagizo yakaanza kusomwa tena. Shadia aliyasikiliza hadharani sasa, hakwenda tena nyuma ya vichanja. Wanakikundi walizoea, hata wengine wawili, mmoja wao kijana kabisa, walijitokeza na kusema na wao wawashiwe. Lakini jioni, saa ambazo picha ya Rozalia ilikuwa ikitokea, alijishughulisha na lolote lililokuwa mbele yake. Aliosha beseni zilizokuwa safi.

Frida aliacha chuo kwa muda, akashika kazi ya mama yake. Kila baada ya wiki mbili alifika Bangwe na mzigo kutoka Ilagala, dagaa wakavu wasio na mchanga, wamepangwa vizuri. Alimwamkia Shadia kwa heshima, akaulizia afya yake, akasubiri magunia yapimwe. Shadia alimwandalia chai kila mara, na kila mara Frida alisema gari linamsubiri. Hakuwa mkali. Alimwita mama mwenyekiti, kama wengine wote, kisha akapanda gari na kurudi kwao.