Jerusha na Kona Iliyohamwa na Mto Kuja

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, maji ya Mto Kuja yanamfika Jerusha Moraa magotini. Ameinama, karai mikononi, analizungusha polepole. Matope yanatoka kwanza, kisha mchanga mwepesi. Vijiwe anavitoa kwa vidole. Chini unabaki utepe wa mchanga mweusi, mzito, na kwenye ukingo wake zinang'aa chembe za njano za dhahabu, ndogo kama mbegu za mchicha.

"Imekuja," anamwambia mwenzake Benta kwa sauti ya chini.

Benta hainui hata kichwa. "Na bado," anajibu, akitumbukiza karai lake.

Jerusha, mwenye umri wa miaka 46, alizaliwa milima ya Kisii, ambako mto huu huu huitwa Gucha. Alishuka hadi Sori, kaunti ya Migori, akimfuata mumewe Stanley, fundi wa baiskeli. Huko alianza kuuza mboga sokoni, na Benta alikuwa mteja wake.

"Nilimwambia, Nyar Kisii, hizi sukuma zako zinakauka kila jioni. Twende mtoni, huko hakuna kitu inaoza," anakumbuka Benta, ambaye kwa Kijaluo humwita hivyo, yaani binti wa Kisii, akicheka.

Mikono ya Jerusha haikuchelewa kuizoea kazi. Tangu utotoni mamake alimfunza kuosha wimbi: unatia maji, unatikisa, nafaka inaelea na kumiminwa, changarawe inabaki chini.

"Tofauti ni moja tu," anasema. "Nyumbani tulikuwa tunatupa ile inabaki."

Dhahabu ya mtoni haikuzaliwa mtoni. Liz Robi, mwanajiolojia ambaye huwatembelea wachimbaji wa eneo hili, anaeleza kwamba ndani ya vilima vya Migori mna mishipa ya mawe meupe iliyoshika dhahabu. Jua na mvua huyavunja mawe hayo kwa maelfu ya miaka, na maji huteremsha vipande vyake.

Mchanga ni mwepesi, nao husafiri hadi Ziwa Viktoria. Dhahabu haifiki mbali. Maji yanapopunguza kasi, iwe ni upande wa ndani wa kona, nyuma ya jabali au juu ya nyufa za mwamba, huzama ikajificha chini ya kokoto. Mwaka hadi mwaka, hujilimbikiza.

"Mto wenyewe ni karai kubwa," asema Robi. "Hawa akina mama wanamalizia tu kazi iliyoanza zamani sana."

Lakini mto huohuo ndio uliowanyang'anya riziki. Mvua za masika ya mwaka juzi ziliufurisha, ukazoa fungu la kokoto walilokuwa wakiliosha kwa miaka mingi. Baadhi ya wenzao walikwenda kutafuta kazi kwenye mashimo marefu ya vilimani. Jerusha alirudi kwenye meza yake ya mboga.

Hata hivyo, jioni alikuwa akitembea kando ya mto, akitazama. Ndipo alipogundua kwamba maji yalikuwa yamejikatia njia ya mkato na kuihama kona moja ya zamani, iliyoshikana na shamba la mtama la Ken Ouma. Kona ilikuwa imekauka. Akakumbuka Robi aliwahi kuwaambia kuwa mto ukihama, mzigo mzito huuacha palepale. Akachota kokoto karai moja tu, akaenda kuziosha.

Zilikuwa na dhahabu.

"Sikulala," anasema. "Nilimwamsha Stanley nikamwambia, mto umehama, lakini haujaenda na vyetu."

Tatizo lilikuwa mwenye shamba. Wachimbaji wengine waliotangulia waliacha mashimo wazi kando ya mtama ule, na ng'ombe wa Ken akatumbukia akavunjika mguu. Jerusha na Benta walipokwenda kumwomba ruhusa, aliwaonyesha njia ya kutokea.

"Alituambia twende kabla hajakasirika, na ilikuwa haki yake," Jerusha asema.

Wangeweza kunyemelea siku ya soko, Ken akiwa Sori. Badala yake Jerusha alirudi asubuhi iliyofuata na koleo, akaanza kuyafukia yale mashimo ya zamani. Benta alimfuata huku akinung'unika.

"Nilimuuliza, Mama Dorine, sisi sasa ni vibarua wa nani?" asema Benta, akimwita Jerusha kwa jina la bintiye.

Walikuwa kwenye shimo la mwisho Ken alipotokea, mkononi ana panga la kufyekea.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

"Hakuna, Jaduong'," Jerusha akajibu, akimwita mzee kwa heshima. "Ng'ombe hajui shimo ni ya nani."

Ken aliutazama udongo uliosawazishwa. Kisha akamwita mkewe alete uji.

"Chimbeni kule chini," aliwaambia. "Lakini shimo moja lifunikwe kabla ya lingine kufunguliwa. Na mimi mnipe sehemu yangu."

Mpaka leo hivyo ndivyo wanavyofanya, pamoja na wanawake wengine waliojiunga nao. Hushusha shimo hadi kwenye tabaka la kokoto, hubeba kokoto hadi majini, kisha hurudisha udongo. Zebaki, sumu ambayo wachimbaji wengi huitumia kunasa dhahabu, hawaitumii. Mahali walipofukia mwanzo, Ken ameshapanda maharagwe.

Siku nzuri, Jerusha hurudi nyumbani na takriban shilingi elfu moja na mia tano. Siku mbaya, hurudi na matope. Jumamosi haji kabisa, maana ni Msabato, naye Benta, Mkatoliki, hupumzika Jumapili. Kwa kazi hii Dorine, bintiye Jerusha, anasomea uuguzi Homa Bay.

Mgongo unauma, anakiri, ila hana mpango wa kurudi sokoni. "Hapa nasikia ndege, nacheka na Benta, na mto haunidai ushuru."

Je, amewahi kuivaa dhahabu aliyoitoa kwa mikono yake?

Anacheka hadi karai linatikisika mikononi. "Kanisani kwetu hatuvai mapambo. Na hata kama tungevaa, hii yangu iko na kazi."

Baada ya miaka mingi ya kupanga, yeye na Stanley wamenunua kiploti nje ya Sori na kusimamisha kuta. Kilichobaki ni paa. Kabla ya masika yajayo anataka mabati yawe juu.

"Mvua ikinyesha," asema, akiinama tena majini, "nataka nilale nikisikia dhahabu yangu ikilia huko juu."