Bei za Kuanzia na Bei za Mwisho

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi nilibonyeza kitufe, na duka la mtandaoni likafunguka. Mwenye duka, mjane ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa na maduka matatu ya vyombo vya nyumbani, mawili mjini na moja Bububu, nje ya mji. Hilo la Bububu lilikuwa linakufa. Alitaka jamaa walioko Maskati na Dubai waagize vyombo vya harusi kwa ajili ya ndugu zao huku, na mzigo utoke Bububu, ili duka libaki wazi.

Kazi ya kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe kwa vitabu. Niliweka picha ndogo zisichelewe kufunguka, herufi kubwa, na hatua tatu tu hadi kuagiza. Penye anwani niliomba mtaa na jirani anayejulikana, maana wengi hawajui namba za nyumba zao. Bei alinitajia yeye, nikazipachika kama zilivyo.

Watu walitazama, hawakuagiza. Kisha mwanamke mmoja akapiga simu kutoka Maskati.

"Seti ya sufuria elfu sitini! Mnauza sufuria au mnauza duka?"

Bi Mkubwa alicheka mpaka akakaa. "Wewe una ngapi, mwanangu?"

Wakapatana elfu arubaini na mbili.

Hapo nikafahamu. Nilizoziweka zilikuwa bei za kuanzia, za kumtajia mtu ili aombe kupunguziwa. Kwenye skrini hapakuwa na wa kumwomba. Nikamshauri tuweke bei za mwisho.

"Bei ya mwisho nimtajie mtu nsiyemwona uso?"

"Wa mbali hawezi kupiga simu kwa kila sufuria, Bi Mkubwa."

Akavuta kiti karibu na skrini. "Haya, weka."

Maagizo yakaja, machache. Lakini haukupita muda, mteja wa hapa hapa mjini akaingia dukani na karatasi aliyoichapisha kwenye intaneti kafe. Akaitandaza mezani.

"Bei yenu hii hapa. Sasa nipunguzieni."

Nikamweleza kwamba hiyo ilikuwa imeshapunguzwa.

"Imepunguziwa nani? Mimi ndo kwanza nnaingia."

Akaja mwengine, na mwengine. Bi Mkubwa hakuweza kuwarudisha mikono mitupu watu alioozesha nao watoto. Alipunguza tena, mpaka akauza chini ya alivyonunulia.

Mwishowe nilifunga tovuti asubuhi moja, na jioni yake tukaenda kufunga duka la Bububu. Nilishika rafu upande mmoja, seremala upande wa pili. Sikuhisi kitu. Nilitazama ukuta, pale rafu zilipokuwa, rangi ilikuwa bado mpya.

"Pesa zimekwenda kiasi gani?" Bi Mkubwa aliuliza, bila ya ukali.

Nikajumlisha ujira wangu, kompyuta, laini ya simu na vyombo vilivyouzwa kwa hasara. Shilingi milioni tatu, laki mbili na elfu sabini.