Mbwa wa Kitisuru na Kofia ya Mama Mkwe

Hii aibu ningependa nizikwe nayo, lakini kwa vile shemeji yangu ameshaisambaza kutoka Dagoretti mpaka Bungoma, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi kuna mtu aliniuliza kama ni kweli nilimfunga mama mkwe mnyororo), bora niiseme mwenyewe vile ilivyokuwa, mcheke mara moja tumalizane.

Mimi ni fundi wa sola, zile za kupasha maji moto, na ninaogopa mbwa. Sisemi kuogopa kidogo, nasema nikimwona napanda chochote kilicho karibu. Sasa niambieni, fundi wa sola anayeogopa mbwa atakula wapi, maana wenye sola wanakaa Kitisuru, kule kwa matajiri wa Nairobi, na Kitisuru sijaona geti lisilo na mbwa, tena mbwa walioshiba kuliko mimi? Kuna siku nilibaki juu ya paa kutoka asubuhi mpaka mwenye nyumba akarudi kutoka kazini, eti nakagua mabomba. Kazi zikawa zinanipita hivyo hivyo. Halafu bosi wangu, mwenye duka la vifaa pale katikati ya mji, akapata kandarasi ya kutunza sola za mtaa mzima wa huko, kazi ya mwaka mzima, akaamua kunipa mimi, nianze Jumatatu. Akaniambia mbele ya watu, "Wafula, nikisikia tena umekwama kwa paa, hii kazi napea mtu mwingine." Mtoto wetu wa kwanza ndiyo kwanza amezaliwa, nyumba ni ya kupanga. Nikasema sawa bosi.

Basi nikaingia kwa simu kutafuta dawa, na ndipo nikampata mama mmoja aliyejiita Madam Salome, anayefanya hipnosisi kwa video. Hipnosisi ni hivi: mtu anakuongelesha polepole mpaka mwili unalegea na akili inatulia, halafu anaizungumzisha ile hofu yako. Alinieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Alisema sitalala, sitageuzwa kuku, sitamwaga siri zangu, nitakuwa nasikia kila kitu ila sitajali sana. Akasema nivae nguo zisizobana, niweke earphone, nifunge mlango, na nimwambie mtu wa nyumbani asinisumbue. Ya nguo na earphone nilifuata. Hayo mengine mawili ndiyo yaliyonimaliza.

Mlango sikufunga kwa sababu kwetu Mutuini network inashika pale mlangoni tu, tena mlango uwe wazi kidogo, ukiufunga picha inaganda. Na mke wangu Nekesa sikumwambia kwa sababu yeye alikuwa anajua sipendi mbwa, hakujua nawaogopa (mwanaume mzima, jamani), na pia kanisani kwetu ukitaja mtu anayekulegeza kwa maneno, jioni haijafika umeshawekelewa mikono na wamama wote wa maombi. Nikaona rahisi ni kumdanganya. Nikamwambia Alhamisi nitashinda kazini Kitisuru, nikabeba mkoba wa vyombo, nikaenda zangu kuzungukazunguka sokoni mpaka nikamwona anatoka na mtoto kwenda kliniki, nikarudi nyumbani kwangu mwenyewe nikinyata.

Kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo ni kwamba mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumwona mjukuu, na alikuwa anakaa Dagoretti kwa shemeji yangu, yule kaka ya Nekesa. Hangekaa kwangu, kwa sababu kwa mila yetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani kijana anasimama kando, anainamisha macho, anangoja mama apite. Mimi hilo nimelishika tangu nioe, mpaka uso wa mama yule naujua zaidi kwa picha. Kwa hivyo alikuwa anangoja siku moja tu ambayo mimi sipo ndiyo aingie kumbeba mjukuu. Mnaona sasa? Mimi nasema niko Kitisuru siku nzima, Nekesa anafurahi, anampigia mamake simu, mama njoo leo, mkweo hayupo. Mlango nilimfungulia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Basi niko kwa kochi la karibu na mlango, pazia limevutwa, mlango uko wazi kiasi cha network kupita, nimevaa bukta na fulana yenye tundu kwa tumbo, na baridi yote ile ya Julai. Simu nimeiegemeza kwa thamosi, macho nimeyafumba. Madam Salome ananiambia miguu inakuwa mizito, na kweli inakuwa mizito, mabega yanashuka, yanashuka. Akaniambia niko mahali pa amani, mbwa anakuja kutoka mbali, hana haraka. Akaniambia ninyooshe mkono nimpapase, nisikie manyoya yake, niongee naye kwa sauti.

Wakati huo (haya nilielezwa baadaye) Nekesa na mamake wamekutana kliniki na wameshafika karibu na nyumbani, lakini Nekesa amesimama dukani na mtoto mgongoni anunue maziwa ya chai, amemwambia mama tangulia. Mama akakuta mlango uko wazi, akadhani ni bintiye amesahau kuufunga akienda kliniki, akaingia kutoka kwenye mwanga hadi kwenye giza, haoni kitu, akainama kuweka kikapu chake cha ndizi kando ya kochi. Na kichwani alikuwa amevaa kofia ya manyoya, zile za mitumba, kwa ajili ya baridi ya Nairobi.

Mkono wangu ukatua hapo hapo kwa kichwa.

Aki nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilisikia manyoya! Manyoya ya ukweli, tena yenye joto. Nikasema moyoni, huyu mama anajua kazi yake, hela yangu haijapotea. Nikapapasa vizuri, huku na huku, nikasema kwa sauti, "Mbwa mzuri. Mbwa mzuri wewe. Haya, kaa." Na mama wa watu, kwa mshtuko na magoti yake mabovu ya uzee, akakaa, pu, kwa kigoda kilichokuwa hapo. Nikapendezwa zaidi. Nikamwambia, vile wenye mbwa huwaambia mbwa wao, "Sasa lete mkono."

Madam Salome yeye alikuwa anaona yote kwa kamera. Lakini hao watu wamefundishwa kwamba mteja haamshwi kwa kishindo, kwa hivyo badala ya kuniambia Wafula amka kumeharibika, akaanza kuhesabu kutoka kumi kurudi nyuma, kwa sauti ile ile ya kubembeleza mtoto, kumi, unarudi taratibu, tisa, vidole vinaamka, na mimi huku bado nadai mkono. Mpaka leo nikimkumbuka na zile hesabu zake nakasirika upya. Alipofika moja akaniambia nifumbue macho. Nikafumbua.

Mama mkwe huyu hapa, ameshika kofia kwa mikono miwili. Nekesa huyu hapa mlangoni, na maziwa mkononi, mdomo wazi. Nikaruka, nikatafuta kitu cha kujifunika nikapata kitambaa cha kochi, waya wa earphone ukachomoka kwa simu, na Madam Salome akasikika nyumba nzima, mpole kabisa, ananiuliza, "Unajisikiaje sasa? Bado unamwogopa?"

Mama mkwe akainuka polepole, akachukua kikapu chake. Hakuniangalia, na wala hangesema na mimi, kwa hivyo alisema na bintiye.

"Nekesa, muulize mumeo kama mimi nimewahi kubweka hapa kwake."

Akatoka, akarudi Dagoretti bila hata kumbeba mjukuu. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya hata kicheko cha shemeji. Amesafiri usiku kucha kwa ajili ya mtoto, na mtoto alikuwa pale mlangoni, kwa mgongo wa mamake, amelala. Jioni wazee wakapigiana simu, ikaamuliwa nimpelekee mama kondoo na blanketi, faini ya kuvunja mila.

Jumatatu nikaenda Kitisuru nimekata tamaa. Geti likafunguliwa, na mbwa akaja, mweusi, mkubwa, mbio. Zamani ningekuwa nimeshapanda ukuta. Lakini nilipoona manyoya yale, kilichonipanda hakikuwa woga, ilikuwa aibu. Aibu ya Alhamisi, nzima nzima. Kabla sijafikiria nikajikuta nimesimama kando ya njia, nimeinamisha macho, mikono nyuma, nangoja apite. Mbwa akaninusa viatu, akanizunguka, akapita.

Kazi sikuipoteza, na mbwa wote wa mtaa ule tunaheshimiana. Nikarudi jioni na furaha nikamweleza Nekesa, nikidhani atalegea. Alikuwa anakunja nepi. Akakunja hiyo, akachukua nyingine.

"Kwa hivyo mbwa ya watu ndiyo umeinamia macho," akasema, "na mama yangu ukamshika kichwa."

Nimeapa sitamdanganya tena mke wangu mahali nilipo, na hata kanisani tukiambiwa tufumbe macho tuombe, mimi nafumba moja. Mama mkwe alipoletewa kondoo alilegea, sasa anakuja kumwona mjukuu, lakini neno langu peke yake halimtoshi. Siku akitaka kuja, lazima kwanza nimtumie Nekesa picha yangu nikiwa kazini Kitisuru, amwonyeshe mamake, na si picha yoyote tu. Mama anataka mbwa awe ndani ya picha.