Karatasi ya Zamu ya Mchana

Saa moja na robo asubuhi ofisi ya elimu ya wilaya bado haijafunguliwa rasmi, lakini chumba cha mwisho, kile kilichopakana na choo, tayari kinagonga. Mashine ya kutobolea karatasi inashuka, inapanda. Mama mmoja amevaa kandambili, viatu vyake vya ofisi viko chini ya meza. Anaingiza kurasa kumi kumi, anaulalia mkono wa mashine kwa uzito wa mwili mzima, anatoa, anapuliza vumbi la matundu, anaingiza nyingine.

Ikifika saa nne awe amemaliza vitabu sitini vilivyobaki. Kila kitabu kina kurasa mia moja na kumi na mbili. Jalada ni la buluu, lina picha ya watoto wanaocheka na maneno makubwa: Mpango Mkakati wa Elimu wa Miaka Mitano. Chini yake, kwa herufi ndogo: Elimu Bora kwa Kila Mtoto.

Akifika ukurasa wa arobaini na saba hautazami. Anaugeuza kifudifudi ndipo anautoboa.

"Huo ndio ulionimaliza," anasema. "Niache nimalize kwanza, nitakueleza. Nikianza kueleza sasa hivi nitatoboa vidole."

Ofisini wanamwita Mama Chapa. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na saba kati ya hiyo ameikalia kwenye kiti kimoja, kiti ambacho mto wake ameushona mwenyewe mara tatu. Kazi yake ni kupiga chapa barua, kupokea fomu za shule, kuzipanga, kuingiza tarakimu kwenye kompyuta na kubana vitabu kama hivi. Mshahara wake, anasema, ukijikaza sana unafika tarehe kumi na nane. Baada ya hapo familia inaishi kwa heshima ya mwenye duka.

Huu ni mpango wa nne anaoupiga.

"Wa kwanza niliupiga kwa taipureta, vidole vikavimba kama maandazi. Wa pili wakaniambia, fungua ule wa zamani, badilisha miaka. Wa tatu hivyo hivyo. Kuna vyoo vya wasichana nimeviandika mara nne. Vyenyewe sijaviona kwa macho, ila kuviandika hata nikiwa nimesinzia naviandika."

Anacheka peke yake. Dereva wa ofisi, aliyekuja kuchukua vitabu vya mwanzo, anachungulia mlangoni.

"Mama Chapa, bado tu? Mgeni rasmi ameshaanza kuamka huko."

"Mwambie alale tena. Mpango ni wa miaka mitano, haraka ya nini?"

Sisi tulio nje tukisikia neno mkakati tunadhani ni jambo la wakubwa, halituhusu, lipite na magari yao. Ndiyo maana naandika. Mpango ule wa buluu unajua jina la shule ya mwanao. Swali ni kama unamjua mwanao.

Safari hii, anaeleza Mama Chapa, ofisi ililetewa afisa mipango mpya, kijana mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akawaambia: "Hatunakili tena. Safari hii tunapanga kwa takwimu." Kila shule ijaze fomu ya idadi ya wanafunzi. Shule yenye watoto chini ya mia mbili na hamsini itafungwa, watoto wahamishiwe shule jirani, walimu wagawanywe. Mama Chapa alifurahi. Kwa mara ya kwanza aliona mtu anayetaka kitu kilichoandikwa kifanyike.

Fomu zikaja, za shule themanini na tatu. Hapo inabidi uelewe desturi ya chumba kile. Tangu aanze kazi, fomu yoyote inayoingia huja karatasi mbili zilizobanwa kwa pini: ya juu ni yenyewe, ya chini ni nakala. Mama Chapa hung'oa pini kwa kucha ya kidole gumba, pini anaitupia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya dirisha, karatasi ya juu inakwenda kwenye trei ya kuingizwa, ya chini inakwenda kwenye faili la nakala. Huwa hasomi ya chini. Nani anasoma nakala?

"Miaka ishirini na saba," anasema. "Pini zote za elimu ya wilaya hii zimo kwenye kopo lile."

Sasa kuna shule moja, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka hapo ofisini. Ilikuwa na madarasa manane. Upepo uliezua mawili, na kuyaezeka upya kuliahidiwa kwenye mpango wa pili na wa tatu, Mama Chapa anakumbuka maana alipiga yeye. Yakabaki sita. Watoto wasienee. Mwalimu mkuu akawagawa zamu mbili: wengine waingie asubuhi, wengine saa saba mchana, kwenye madawati yale yale yakiwa bado na joto.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa idadi, umeandikwa "waliopo darasani kwa wakati mmoja." Mwalimu mkuu akaona ajaze fomu mbili. Ya kwanza, zamu ya asubuhi, watoto 219. Ya pili, zamu ya mchana, watoto 236. Jina la shule ni lile lile, muhuri ule ule, sahihi ile ile. Akazibana kwa pini, na pini ikapita juu ya neno "mchana" alilokuwa ameliandika kwa mkono pembeni.

Mama Chapa akang'oa pini. Ya juu akaiweka kwenye trei. Ya chini akaiweka kwenye faili la nakala.

Shule iliyojaa mpaka ikagawanywa mara mbili ikaingia kwenye kompyuta kama shule isiyo na watoto wa kutosha.

Na katika watoto 236 wa karatasi ya chini, mmoja ni wake. Yuko darasa la tatu, kitinda mimba, "aliyekuja nikiwa nimeshagawa nguo zote za watoto kwa majirani."

"Sikumtupa mtoto wa mtu," anasema, na sauti yake haipandi wala haishuki. "Nilimtupa wangu. Kwa mkono huu. Nikafunga na faili."

Aligundua wakati orodha ya shule za kufungwa ilipoletwa aipige kwenye ukurasa wa arobaini na saba. Baraza lilikuwa limeshaipitisha siku nne kabla. Alipoliona lile jina alidhani kompyuta imekosea. Akatoa faili la nakala, akapekua akiwa amepiga magoti sakafuni, akaikuta. Akaenda nayo kwa afisa mipango, hata viatu hakuvaa.

Mazungumzo yale anayakumbuka neno kwa neno.

"Baba, shule hii ina watoto mia nne hamsini na watano. Nimekosea mimi."

"Mama, baraza limeshapitisha."

"Si tarakimu moja tu? Nipe dakika tano niirekebishe."

"Ukibadilisha moja, jumla inabadilika. Jumla ikibadilika, bajeti inabadilika. Bajeti ikibadilika, mpango uliosainiwa si huu tena. Unataka nimwambie mwenyekiti alisaini nini?"

"Mwambie mpiga chapa amekosea. Nifukuzwe."

"Mama, usiniongezee mzigo. Baada ya miaka mitatu kuna mapitio. Andika barua, nitaihifadhi kwa ajili ya mapitio."

Nilimwendea huyo afisa, naye akanikaribisha kiti. Alisema mpango ni dira, kwamba shule zote zilishirikishwa, na kwamba hitilafu ndogo hazikosekani. Ukimsikiliza unaona si mtu mbaya. Ana watoto wawili. Wanasoma kwingine.

Wazazi waliposikia uvumi waliandika barua yao, majina na alama za dole gumba karatasi saba. Barua za wananchi hupokelewa na nani? Ikafika mezani kwa Mama Chapa, akaigonga muhuri. Baada ya wiki mbili akaletewa jibu alipige. "Maoni yenu yamepokelewa na yatazingatiwa wakati wa mapitio." Kwenye orodha ya wazazi lilikuwamo jina la mume wake.

"Nilijijibu mwenyewe," anasema. "Tena kwa heshima zote, 'wako mtiifu katika ujenzi wa elimu.' Mume wangu akaja na ile barua nyumbani, akaniuliza, hii wameandika watu gani hawa wasio na haya? Nikamwambia kula kwanza."

Saa tatu na nusu walimu wakuu wanaanza kufika kuchukua vitabu vyao. Wa shule ile anaingia wa sita, mwanamume mrefu, kola ya shati imegeuzwa na kushonwa upya. Anaanza na shikamoo, anapokea kitabu, anakifungua moja kwa moja katikati kama mtu anayejua kidonda kilipo.

"Kumbe miaka yote nimekuwa mwalimu mkuu wa nusu shule," anasema.

Mama Chapa anasimama. Anamwambia. Pale pale, mbele yangu na mbele ya dereva: pini, trei, faili la nakala. Hapunguzi kitu.

Mwalimu anaweka kidole kwenye idadi ya shule yake. Halafu anasema, "Ningeandika jumla tu. Mia nne hamsini na tano, basi. Mstari ulisema kwa wakati mmoja, nikaogopa fomu. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeogopa fomu."

"Si wewe, Mwalimu."

"Si mimi, si wewe, si yule wa kalamu tatu. Basi ni nani, hawa watoto?"

Anatuonyesha mstari ambao mimi sikuuona. Shule itakayopokea imepangiwa kupokea watoto 219. Madawati ya 219, nafasi za 219. Uvumi ulipoanza alishakwenda kuuliza. Mwalimu mkuu wa huko, mwenye darasa la watoto tisini na wanne, alimjibu kwamba atapokea walioandikwa na hatapokea hata mmoja wa ziada, kwa sababu hana pa kumkalisha hata dirishani.

"Wa asubuhi wana pa kwenda," anasema mwalimu. "Wa mchana hawajafukuzwa wala hawajahamishwa. Hawamo tu. Ukimuuliza yeyote atakwambia hakuna watoto kama hao."

Anakiweka kitabu cha buluu kwapani na kuondoka. Dereva anabeba boksi na kutoka.

Mzazi unayesoma haya, usisubiri uitwe kwenye mkutano. Nenda shuleni kwa mwanao kesho. Uliza: mlipohesabiwa, ilikuwa saa ngapi? Mliandika karatasi ngapi, na ya chini ilikwenda wapi? Wasikutishe kwa neno mkakati. Mwanangu mwenyewe yuko zamu ya mchana, shule nyingine kabisa. Nilikwenda kuuliza. Mwalimu akaniambia, "Hebu ngoja nikaangalie, nitakupigia." Ni siku ya tisa leo. Simu nalala nayo mkononi.

Saa sita na nusu, hafla ya kuuzindua mpango imekwisha ukumbini na chumba kimetulia. Mtoto wa kike mwenye soksi zilizoteremka anaingia bila kubisha. Kila siku hupitia hapo akielekea zamu yake. Mama yake anamwekea kola sawa, anampa kipande cha mkate kilichobaki kwenye chai. Mtoto anaenda dirishani, anatikisa kopo la pini, anaipenda sauti yake.

"Mama, mwalimu amesema mwaka ukianza tusilete fagio."

"Ehe."

"Kila mwaka tunaleta. Kwa nini tusilete?"

"Fagio zipo nyingi."

"Hazipo nyingi. Iko moja, na haina mti."

"Nenda, utachelewa kuhesabu namba mstarini."

Anatoka mbio. Mama Chapa anamsindikiza kwa macho mpaka anapotelea nyuma ya ukuta, ndipo anavua kandambili na kuvaa viatu.

Nauliza atafanya nini. Anafungua droo, anatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake imo ile karatasi ya chini, ina matundu mawili madogo ya pini pembeni, na kati ya matundu hayo neno "mchana." Ameitoa kwenye faili. Anajua kutoa karatasi ya ofisi ni kosa, na anajua watamuuliza.

Mumewe amesema waende mahakamani. Wakili wa kwanza waliyemwona aliuliza kama jina la mtoto limo kwenye mpango. Hawakurudi tena.

Lakini bado ana likizo yake ya mwaka. Amejaza fomu, safari hii ya kwake mwenyewe, karatasi mbili, na ya chini ameisoma. Siku shule zitakapofunguliwa hatakuja kazini. Atawachukua watoto wa mchana, watakaokubali wazazi wao, awapeleke kwenye ile shule inayopokea, awapange mstari nje ya geti, wakiwa na sare na madaftari. Waingie wasiingie, watasimama pale kuanzia saa moja hadi kengele ya mwisho, na kesho yake tena.

"Sina akili nyingine," anasema. "Labda mtu atapita awahesabu."

Mwaka wa shule una siku mia moja tisini na nne. Likizo yake ni siku ishirini na nane.