Shangazi Aizima Programu Aliyoiandika Mwenyewe

Saa mbili kasoro asubuhi, ofisi bado inanuka dawa ya kupigia deki. Mwanamke wa miaka hamsini na sita ameketi mbele ya kompyuta, koti hajavua. Nyuma yake vijana wanne wa kitengo wamesimama kimya kama waliokuja kutoa pole. Leo inazimwa programu ya kukokotoa mafao ya wajane. Aliiandika yeye, akiwa na mimba ya mwanawe wa pekee.

"Shangazi, bonyeza wewe," anasema mkuu wa kitengo. "Ni haki yako."

Anabonyeza. Kioo kinakuwa cheusi. Kijana mmoja anaanza kupiga makofi, anaona wenzake wametulia, anaitia mikono mfukoni.

Hapa kwenye mfuko wa pensheni kila mtu humwita Shangazi. Kwa miaka ishirini na tisa ameandika programu kwa lugha ya kompyuta ambayo vyuo viliacha kuifundisha zamani. Wenzake walioijua wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki. Sasa kazi zote zinahamishiwa lugha mpya, na kila mwandishi wa programu lazima afaulu mtihani wa lugha hiyo.

Shangazi ameufanya mara mbili. Mara mbili ameanguka.

"Si kwamba sielewi," anasema, akikoroga chai isiyo na sukari. "Nikisoma, naelewa. Nikianza kuandika, mkono unarudi kulekule. Ni kama umehamia nyumba mpya, unaamka gizani unapapasa ukuta, unatafuta mlango wa nyumba ya zamani."

Kijana anayemfundisha, ambaye Shangazi kwa utani humwita Mwalimu ingawa ni rika la mwanawe, hamfichi mtu ukweli. "Bidii anayo kutuzidi sote. Lakini mtihani una muda wake, na Shangazi anachelewa."

Akianguka tena, mkataba wake utakoma mwisho wa mwaka. Hapo ndipo penye kidonda. Mumewe, fundi seremala wa zamani, figo zimemgomea. Husafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, na bima inayolipia ni ya kazi ya mkewe.

"Jioni namsikia jikoni anasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza," anasimulia mzee huyo kitandani. "Nikiuliza chakula vipi, ananijibu kwa lugha ya kompyuta!" Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Anasoma kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Ugonjwa nimeshauzoea."

Mtihani wa tatu ni Jumatatu ijayo. Shangazi anasema ataufanya, na safari hii ataanza na maswali ya mwisho, yale yanayomlia muda.

Na akianguka?

"Sijapanga. Nguvu nilizobakiwa nazo zinatosha mpango mmoja tu."

Anavuta kiti pembeni yake, anageuka kuwatazama vijana.

"Mwalimu, njoo basi. Nioneshe tena pale niliposhindwa jana."