Kibonye Kilichonyamaza Miaka Kumi na Tisa

Kabla hajawa mpiga piano, Mzee Papo alikuwa dobi. Hoteli ni hiyohiyo moja, jengo la ghorofa tatu lenye ngazi za mawe zilizolika katikati kwa viatu vya watu, ila yeye alikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha pasi, akinyoosha vitambaa vya meza. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa dari, ilikaa piano. Aliijua kwanza kwa mguu wa mpigaji uliokuwa ukigonga sakafu, na pasi yake ikaanza kwenda kwa mwendo huo bila yeye kuiambia. Akaunguza vitambaa vitatu. Siku ya kitambaa cha tatu alipanda ngazi kwenda kumwona huyo anayemharibia kazi.

Mpigaji alikuwa mtu mnene wa suti moja, na wote walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Enzi hizo mtu alijifunza kazi kwa kusimama karibu na anayeijua mpaka afukuzwe, na akifukuzwa alirudi kesho yake. Siku hizi mtu anatazama dakika mbili kwenye simu, anasema ameelewa. Dobi alisimama karibu na piano ile asubuhi za miaka minne, kabla pasi haijapata moto, na Mwalimu hakumfundisha wimbo hata mmoja. Alimfundisha jinsi ya kutoka kwenye wimbo na kurudi.

Jazi ya mtu mmoja, alisema Mwalimu, haina pa kujificha. Hakuna ngoma ya kukufunika wala gitaa la kukushika mkono. Ukinyamaza wewe, ukumbi mzima umenyamaza. Kwa hiyo mkono wa kushoto ndio mwenye nyumba, hatoki. Wa kulia ni mgeni: aingie, azungumze apendavyo, lakini asisahau mlango uko wapi. Ya jana usiyalete leo. Ukiteleza, teleza tena palepale, wasikilizaji wadhani ndiyo njia. Kosa moja haliachi mke, lakini kosa linalojificha linavunja nyumba. Na usiiguse piano kabla wageni hawajakaa, maana ukiigusa itakwisha kusema, na watu watapewa makombo.

Mwalimu alipofariki, dobi alikaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemuuliza cheti. Kwa kuwa kila alichopiga alikibuni papo hapo na hakikurudi tena, wahudumu wakamwita Papo. Uzee uliongeza Mzee.

Sasa, piano ile ilikuwa na kibonye bubu, na Papo alikiita hivyohivyo, Bubu. Kilikuwa cheupe, kushoto kidogo ya katikati, mahali kidole gumba cha mkono wa kushoto kinapopumzika chenyewe. Nyundo yake ndogo ndani ilivunjika, na Fundi Sikio, mzee aliyekuja kukaza waya za piano mara mbili kwa mwaka, alisema nyundo ya namna hiyo haipatikani tena. Fundi Sikio alisikia kwa sikio moja tu, la kulia. Papo alizoea kumwambia kwamba ndiyo maana nusu ya piano iko sawa, na Fundi alizoea kumjibu kwamba nusu hiyo inamtosha mtu anayetumia nusu ya akili.

Mwaka wa kwanza Papo alikiruka kibonye kile kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumba yake. Mwaka wa pili akagundua kwamba kinafaa. Mtu anayepiga peke yake anahitaji mahali pa kuhesabia, na yeye sasa alikuwa nacho kijigogo cha mbao ambacho angeweza kukigonga kwa nguvu zote bila mtu kusikia. Alipotaka kunyamaza, hakunyanyua mikono; alimgonga Bubu. Ukumbi ulisikia kimya, yeye alisikia mwendo. Miaka kumi na tisa kidole gumba chake kilimgonga Bubu bila kutumwa, na wala hakumwambia mtu, kwa sababu nani anasimulia mahali anapokanyaga akitembea?

Mambo yaliharibika Alhamisi moja, saa kumi alasiri, bila mwenyewe kujua. Mgeni mmoja, mwanamke aliyekuwa akimsubiri dada yake, aliielekeza simu kwenye piano kwa dakika nne, kisha akazirusha dakika hizo kwa ulimwengu. Baada ya wiki mbili, watu ambao hawajawahi kukanyaga ngazi zile walikuwa wakiuimba wimbo ule wakiosha vyombo. Walichopenda kuliko vyote ni kimya kilichokuwa katikati, pale mziki ulipokatika ghafla, ukakaa, kisha ukarudi umebadilika. Waliandika kwamba hapo ndipo moyo unaposimama. Mmoja aliandika kwamba ni kimya cha mtu aliyefiwa.

Papo alipoonyeshwa, hakukumbuka hata sauti moja. Alichokumbuka ni kwamba Alhamisi hiyo kiatu cha kulia kilimbana.

Meneja alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu, asiyekaa kabla mzee hajakaa, na hilo lilimfanya awe mgumu kumchukia. Alieleza kwamba wenye hoteli wanataka kuiondoa piano waweke kabati la kioo la kuuzia keki. Ila sasa watu wanapiga simu wanaulizia wimbo ule. Ukipigwa Jumamosi ya wiki ya pili, mbele ya wageni walioalikwa na wenye hoteli wenyewe, piano itabaki na yeye atabaki.

"Nitawapigia mzuri kuliko huo," alisema Papo.

"Mzee wangu, hawataki mzuri. Wanataka huohuo. Nisaidie nikusaidie."

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini haya watu walikuwa wameyazoa, wakayatia kwenye chupa, na sasa walimtaka mwenye maji aingie chupani.

Alikubali. Aliyekwisha kukaa miaka yote hiyo mbele ya kitu kimoja hana pengine pa kupeleka mikono yake.

Kila asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, alikwenda na binti yake, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa na mkono usiokosea kipimo. Binti alishika simu, akampigia vipande vidogo vidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Rudia, Baba. Hapo ulishuka, hukupanda."

"Kupanda ni kuzuri zaidi."

"Ni kuzuri, lakini hukupanda."

Alijaribu tena, na mkono wa kulia, mgeni yule aliyezoea kuzungumza apendavyo, ukaondoka na hadithi nyingine. Siku ya tatu alipiga mfuniko kwa hasira mpaka chombo cha maua kikaanguka. Aliuliza huyo mjinga ndani ya simu alikuwa anafikiria nini hapa, mbona alirudi nyumbani mapema wakati mlango ulikuwa bado wazi? Binti alimjibu kwamba labda kiatu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti aliujua wimbo wote. Aliuimba akishona, kila sauti mahali pake, na yeye aliyeuzaa alikuwa akiomba aonyeshwe.

Sehemu moja tu haikumsumbua: kile kimya. Wakifika pale, kidole gumba kilimgonga Bubu mara nne, kwa utaratibu, kisha wakaendelea. Binti alisema hapo alikuwa sawasawa kabisa na simu. Hakuuliza kwa nini, naye hakumwambia.

Ijumaa aliupiga wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kosa. Binti alipiga makofi. Papo alifunga piano polepole na kusema amejisikia kama anayejivika nguo za marehemu, na marehemu ni yeye.

Jumamosi hakwenda asubuhi. Wiki mbili alikuwa ameivunja miiko ya Mwalimu mmoja baada ya mwingine, ameyaleta ya jana, ameigusa piano kila siku kabla ya wageni. Angalau huu mmoja, kwa siku moja, angeuheshimu. Hataigusa mpaka watu wakae. Mazoea yana taabu, na ukaidi wa mzee una taabu mbili.

Maana asubuhi hiyohiyo, kwa furaha ya kutaka kumshangaza rafiki yake, Fundi Sikio aliingia ukumbini na nyundo ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameitoa kwenye piano iliyooza katika ghala moja, akaikwangua wiki nzima mpaka ikaenea. Meneja alimshukuru mara tatu. Waliafikiana wasimwambie mzee, aione mwenyewe.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Wenye hoteli walikaa mbele. Simu zilinyanyuliwa kama mikono ya watoto darasani. Papo aliinama kidogo, akakaa, akaanza, na mambo yakaenda. Kushuka alikoshuka, alishuka; kurudi mapema alikorudi, alirudi. Aliwaona watu wakitikisa vichwa kwa kuwa walijua kinachofuata, jambo ambalo maishani mwake hakuwahi kuliona. Wakakaribia pale. Ukumbi ukashika pumzi. Kidole gumba kikashuka juu ya Bubu kwa nguvu zake zote, kama kilivyozoea.

Bubu akasema.

Alisema kwa sauti nene, safi, ya kitu kilichokuwa kimejiwekea maneno kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke mmoja mbele alishtuka. Mikono ya Papo ilisimama hewani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili hakujua kitakachofuata.

Akasikia: teleza tena palepale. Akakigonga tena. Mara ya tatu akakijibu kwa mkono wa kulia, na sauti ile mpya ikawa mwenye nyumba, na mgeni akaingia kwa mlango ambao haukuwahi kuwepo. Akaenda nao. Alipanda kule alikokatazwa kupanda. Alimzungusha Bubu, akamsengenya, akambembeleza, akamwacha aseme peke yake, akarudi nyumbani kwa njia ndefu, na mguu wake ukawa unagonga sakafu hivi kwamba aliye chini kwenye chumba cha pasi, kama yupo bado, aliunguza kitu. Hakuwahi kupiga vile. Mwalimu angevua koti.

Alipogeuka, simu zilikuwa zimeshushwa. Watu walipiga makofi ya heshima, yale ya mezani. Kijana mmoja aliyevaa vizuri akamwinamia kwa adabu.

"Samahani, mzee. Ule wimbo utapigwa saa ngapi?"

Alimkuta Fundi Sikio koridoni, ameegemea ukuta, akitabasamu kama bwana harusi.

"Umemsikia?" alisema Fundi. "Usiseme sijakupa kitu maishani."

"Umenimaliza, we mzee."

Ikabidi amweleze, na ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote. Fundi alisikiliza kwa sikio lake zima, tabasamu likaondoka taratibu. Kisha akakasirika yeye. Miaka kumi na tisa alikuwa akilala vibaya kwa aibu ya kibonye kile, akidhani kinamtesa mwenzake, na kumbe mwenzake anakitumia kama kiti! Papo alimwomba aitoe nyundo ile, sasa hivi, Bubu arudi alivyokuwa. Fundi alisema kazi yake ni kuponya piano, hajawahi kuua hata moja, na hataanza kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema neno miaka kumi na tisa. Wakasimama pale wawili, kila mmoja ana haki, hakuna wa kuwaamua.

Meneja hakugomba. Jumatatu alimkaribisha tena ofisini, akangoja akae, akamweleza walichokubaliana wenye hoteli. Piano itabaki kama pambo. Chini yake patawekwa spika, na saa kumi wimbo ule utapigwa kutoka kwenye simu. Yeye anaweza kukaa pale kama zamani, avae vizuri, asogeze mikono juu ya mfuniko. Wageni watafurahi kumwona.

Papo alimuuliza kama marehemu Mwalimu naye wangemtaka, wampigie simu. Kisha akaenda kuuchukua mto wake mdogo wa kukalia, aliokuwa ameushona binti yake, akashuka ngazi zile akipita pembeni, mahali ambapo jiwe halijalika.

Alikaa nyumbani siku tisa. Cherehani ilikwenda, na binti hakuimba tena akishona. Alijizuia, na kujizuia kwake kulisikika zaidi ya kuimba. Siku ya kumi mzee alivaa koti na kusema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ilimpeleka ilikozoea.

Aliketi meza ya pembeni kama mtu yeyote, akaagiza chai. Mfuniko wa piano ulikuwa umefungwa, juu yake chombo cha maua. Saa kumi kamili spika ikaanza. Alijisikia mwenyewe akishuka, akirudi mapema, mjinga yule wa kiatu chenye kubana. Pande zote watu waliacha kuzungumza, vijiko vikatulia, kimya kikakaribia.

Kidole gumba chake kikagonga meza. Mara moja, mbili, kikombe kikacheza juu ya kisahani.

Bibi wa meza ya jirani akageuka, akaweka kidole mdomoni, si kwa ubaya.

"Taratibu, mzee. Hapa ndipo penyewe."

Papo akakishika kidole gumba kwa mkono mwingine, akakibana kwa nguvu juu ya paja, akangoja yule wa kwenye spika amalize.